Mkwe Huachwa Kushoto

Katika ukumbi wa forodha ya kale, ghuba nzima ilikuwa imelazwa juu ya meza. Mafundi wa zamani waliifinyanga kwa plasta, wakaipaka rangi, wakaifunika kwa kioo, ili mtu aione yote bila kupanda mlima. Umbo lake lilikuwa kama chungu kilichoangushwa ubavu: tumbo pana, mdomo mwembamba. Kichwani mwa ghuba palikuwa na ngome na mizinga yake midogo kama punje za mchele. Upande mmoja tanuri za chokaa, upande wa pili kisima ambacho meli za mbali zilikuwa zikija kujazia mapipa, na juu ya kisima makaburi ya mabaharia waliokuja kuteka maji wasirudi kwao. Penye mdomo kilikaa kisiwa cha mnara. Na hatua moja ya kidole kutoka mnarani, katikati ya rangi ya buluu, kulichomoza kijiwe kisichozidi kucha ya mtoto. Hicho kijiwe kiliitwa Mkwe.

"Kwa nini Mkwe?" watoto wa shule walikuwa wakiuliza kila mara.

"Kwa sababu haonekani, hasemi, na ukimkosea heshima siku moja tu, ukoo mzima utajua," Rubani aliwajibu, na walimu ndio waliocheka zaidi, hasa wale waliooa.

Rubani alikuwa ametumia ujana wake wote akipanda meli za wageni nje ya mdomo na kuziingiza bandarini, maana nahodha anaweza kuijua bahari yote na bado asiijue ghuba ya watu. Kisha presha ya macho ikamnyemelea, ikamzimia taa moja baada ya nyingine. Bandari nayo ikajaa mchanga, ikahamishiwa kwingine. "Tulizimika pamoja, mimi na yeye," alisema, kana kwamba bandari ni mke wake wa kwanza. Makumbusho yalipofunguliwa wakamwita awe anasimulia. Kioo kiliinuliwa, naye akaweka vidole juu ya plasta, akatembea. Hakuwahi kupotea.

Aliyemshika mkono kuja na kurudi alikuwa binti wa dada yake. Mjomba mtu ndiye aliyemwombea kazi ya usafi pale pale ukumbini. Siku ya kwanza alimsukuma mbele ya Mkuu wa makumbusho akasema, "Huyu ndiye macho yangu. Ukimchukua yeye umenichukua na mimi." Tangu hapo hakuna aliyemwita jina lingine. Macho, leta ndoo. Macho, ufunguo uko wapi? Alikuwa ameishia darasa la saba, maneno yake ya kupimiwa, lakini kuangalia alijua. Angeweza kukuambia nani amelia na nani amepiga chafya kwa kutazama kope tu.

Ndiyo maana lile lililotokea lilimwuma mara mbili. Mtu asiyeangalia akikosea, watu husema ndivyo alivyo.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo makumbusho hufungwa ili yafagiliwe. Macho aliinua kioo, akachukua brashi laini, akaanza kupangusa vumbi kutoka ngomeni kushuka. Alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, upande wa mji, bandari ikiwa mbele ya tumbo lake na bahari kuu ikiwa ng'ambo ya meza. Alipoinama kuufikia mnara, mkono wa sweta yake ulinasa kitu. Akasikia kidogo sana: tik. Mkwe alikuwa amebingirika hadi kwenye tanuri za chokaa.

Mfagiaji aliyekuwepo kabla yake alifukuzwa kwa ufa wa kioo tu, ufa mwembamba kama unywele. Na Mkuu alikuwa mama wa maneno machache: "Hiyo meza ina umri mkubwa kuliko wewe, mimi na mkoba wangu. Atakayeivunja asisubiri niseme."

Akaangalia mlangoni. Hakuna mtu. Akaokota kijiwe, akakiweka mdomoni kukilinda, kama sindano ya fundi, akainama kutafuta kilipong'oka. Hapo ndipo shetani alipotandika mkeka. Kwenye rangi ya buluu palikuwa na makovu mawili meupe, moja huku na moja huku, maana zamani palikuwa na boya dogo la bati lililokwisha kuanguka. Lipi lilikuwa la Mkwe?

Macho alifumba macho, akamsikia mjomba wake akisimulia: "Ukiingia, mnara kulia, Mkwe kushoto. Mkwe huachwa kushoto, wanangu. Ukimwacha kulia umekwisha, huko ana sketi ya miamba." Basi. Kushoto. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaliona kovu la upande huo, akatia tone la gundi ya viatu, akamkalisha Mkwe. Akapaka rangi kidogo kwenye kovu lililobaki. Alipomaliza pakawa pazuri kuliko mwanzo, akamshukuru Mungu, akarudisha kioo.

Hakukumbuka jambo moja: mjomba wake alikuwa akisimulia kama mtu anayetoka baharini. Yeye Macho alikuwa amesimama mjini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuingia ghuba ile kwa mlango wake.

*

Alhamisi wakaja wanafunzi, pamoja na wageni wa Mkuu, watu wa mikoba na miwani waliokuja kuangalia kama makumbusho yanastahili kupanuliwa. Mkuu alikuwa amevaa viatu vya mlio. Rubani alikuwa amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi na dada yake, na utani ukimtoka bila kukatika.

"Haya, tuko nje," alisema, vidole vikiwa kwenye ukingo wa meza. "Upepo mzuri, nahodha ananipa kahawa, kahawa mbaya, nakunywa kwa adabu. Sasa tunaingia. Dole gumba langu liko wapi?"

"Kwenye mnara!" watoto wakasema.

"Kulia au kushoto?"

"Kulia!"

"Na hiki kidole kinakwenda kumsalimia nani?"

"Mkweee!"

Kidole kikatembea juu ya buluu, taratibu, kikijiamini, kikiegemea kushoto kama mtu anayejua mlango wa jirani ulipo. Kikapita. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapapasa kushoto, pakawa laini kama sahani. Kikaja katikati, kikaenda kulia, kikagonga.

Macho, aliyekuwa amesimama nyuma na ndoo, aliona mkono wa mjomba wake ukiganda. Na papo hapo, kama pazia lililovutwa, akaelewa alichokifanya. Kushoto kwake. Kulia kwa anayeingia.

"Babu kapotea," mtoto mmoja alinong'ona, na wengine wakabana vicheko.

Rubani alicheka pia, kicheko kifupi kisichofika mashavuni. "Mkwe leo kahama nyumba," akasema. Kisha akageuza uso, akiutafuta upande ambao mpwa wake husimama. "Macho. Ipo ramani ya zamani hapo ukutani. Hebu niangalizie. Anayeingia, Mkwe yuko upande gani?"

Mkuu alikuwa ameshika mikono mbele, akitabasamu tabasamu la wageni, na jicho lake moja likimtazama Macho. Ramani ilikuwa mbele yake ndani ya fremu: ghuba, mnara, na msalaba mdogo wa wino mahali pa hatari. Msalaba ulikuwa kushoto kwa anayeingia. Hata asiyejua kusoma angeuona.

Kilichomtoka Macho mdomoni hakukipanga.

"Kulia, mjomba. Kama hapo mezani."

"Kulia," Rubani akarudia.

"Ndiyo."

"Haya." Akaupangusa mkono wake kwenye suruali kana kwamba umeshika kitu kichafu. "Basi wanangu, Mkwe yuko kulia. Mzee alikuwa anawapima." Akaendelea na ngome, na kisima, na makaburi, lakini utani ulikuwa umekwisha, na vidole vilikuwa vikipapasa kila kitu mara mbili kabla ya kukitaja, kama mtu anayeingia nyumba ya watu gizani.

*

Macho alikuwa amepanga kumwambia njiani. Wakitoka tu nje ya geti, alijiambia. Wakatoka nje ya geti. Tukifika kwa muuza magazeti. Wakafika, wakapita. Mkono wa mjomba ulikuwa begani kwake, mzito kuliko siku zote.

"Baba yangu," Rubani alisema ghafla, "alianza kwa kuutafuta mlango wa chumba chake ukutani. Tukacheka sana. Tulidhani ni utani."

"Mjomba..."

"Acha niseme. Wewe ni macho yangu, si mdomo wangu." Akatembea kidogo. "Unamjua Nanga?"

Macho alimjua kwa kusikia. Alikuwa rubani mwenzake mjomba, rafiki wa kufa na kuzikana, aliyeitwa Nanga kwa sababu akishakaa mahali hang'oki mpaka ale. Miaka mingi nyuma, meli ya mizigo aliyokuwa anaiingiza ilimgonga Mkwe. Hakufa mtu, lakini shehena yote ilikwenda na maji, na Nanga akafukuzwa urubani. Alimalizia maisha akilinda ghala, akafa bila kurudiana na mjomba. Sababu ya ugomvi, nyumbani haikuwa ikisemwa.

"Siku ile mimi nilikuwa juu ya ukuta wa bandari," Rubani alisema. "Nikaona kwa macho yangu, nilikuwa nayo bado. Wakaniita mbele ya meza ya wakubwa, wakaniuliza: Mkwe alikuwa upande gani wa meli? Nikasema, kulia. Basi, wakafunga faili. Kumwacha Mkwe kulia ni kuacha njia, na ni mimi niliyewafundisha hivyo." Sauti yake ilishuka. "Sasa kama Mkwe mahali pake ni kulia, Nanga alikuwa njiani. Unaona? Alikuwa njiani yule. Mimi ndiye niliyepotea, nikampoteza na yeye."

"Lakini mjomba, wewe umeingiza meli ngapi..."

"Hata baba yangu alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka mingapi?"

Macho alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, juu ya ulimi, pale pale alipokiweka kijiwe. Aliona jinsi yangetoka: ni mimi, nilikivunja, nilikudanganya. Lakini kuvunja kijiwe kulikuwa kitu kimoja. Kumdanganya kipofu aliyekuuliza akiamini, mbele za watu, kulikuwa kitu kingine, na hicho hakikuwa na neno dogo. Akanyamaza. Mpaka nyumbani alinyamaza, na kila hatua ilikuwa inauongeza urefu wa ule uongo.

Jioni mjomba alikataa chai. Mama yake Macho, mwanamke wa kucheka hata msibani, alikaa jikoni akimenya vitunguu bila kuvikata.

"Kaka kaniuliza kama mlango wa choo uko kulia au kushoto," alisema polepole. "Choo alichokijenga mwenyewe. Imeanza, mwanangu. Kama kwa babu yako."

"Haijaanza, mama."

"Wewe umejuaje?"

Macho akachukua kisu, akakata vitunguu, akashukuru kuwa kuna kitu duniani kinachoruhusu mtu kulia bila kuulizwa.

*

Kesho yake Rubani alivaa shati lile lile la wageni, akasema, "Nipeleke kwa mke wa Nanga."

"Kufanya nini, mjomba?"

"Kufanya nilichochelewa kufanya."

Mke wa Nanga alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, vitambaa vimening'inia kwenye kamba. Njia nzima Macho aliongoza kwa mwendo wa kinyonga. Alimpitisha mjomba mtaa wa mafundi baiskeli ambao hawakuwa na haja ya kuupita. Alisimama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

"Macho, tunazunguka," Rubani alisema. Kisha, kwa woga ambao Macho hakuwahi kuusikia kwake: "Au ni mimi?"

Lile swali lilimchoma kuliko yote. Hata hivyo alijibu, "Kuna matope, mjomba, nakukwepesha." Uongo wa pili huwa hauna uzito, wa kwanza umeshafungua njia.

Cherehani ilikuwa inalia walipobisha hodi. Mama yule aliinua uso, akamwona aliyesimama mlangoni, na mguu wake ukasita juu ya pedali. Hakusema karibu. Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma mbele.

"Kipo kigoda," akamwambia Macho, si mjomba. "Mkalishe."

Rubani alikaa, mikono juu ya magoti. Alionekana mdogo katikati ya zile nguo za watu.

"Shemeji," alisema.

"Mimi si shemeji yako tangu siku uliyokwenda mbele ya ile meza."

"Ni haki yako. Nimekuja kuomba radhi. Niliwaambia wakubwa kwamba mumeo aliacha njia. Nimegundua sasa, uzeeni, kwamba njia nilikuwa siijui. Mumeo alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama yule hakulia. Alinyoosha mgongo tu, polepole, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miaka mingi na ndipo anatuliwa. Uso wake wote ulibadilika. Macho, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia, aliangalia, na akaona alichokuwa anakaribia kukifanya. Akinyamaza, mama huyu atabaki hivi, mgongo umenyooka. Akinyamaza, mjomba wake atatoka hapa akiwa mtu asiyejiamini hata kwenye mlango wa choo chake. Mmoja wao lazima aumie, na si yeye. Yeye angetoka safi.

Hilo la kutoka safi ndilo lililomshinda.

"Si kweli," alisema.

Wote wawili wakageuka. Hata mjomba aligeuza uso wake.

"Mjomba hajakosea. Mkwe yuko kushoto. Ni mimi nilimvunja nikipangusa vumbi, nikambandika upande mwingine. Nilikuwa nimesimama upande wa mji, nikahesabu kushoto kwangu." Sasa maneno yalikuwa yanatoka bila kumsubiri. "Na uliponiuliza ramani, niliona. Niliona msalaba uko kushoto, nikasema kulia. Nilimwogopa Mkuu. Na leo kulikuwa hakuna matope, mjomba. Nilikuwa nakuzungusha."

Nje mtu alikuwa anapigania bei ya mkaa.

Mgongo wa mama yule ukarudi chini. Ulirudi kidogo kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi kulitazama.

"Binti," alisema, "ungeniachia. Ningekwenda nalo kaburini, nisingemsumbua mtu."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe lipi? Kuna mawili."

Rubani alikuwa ameketi vile vile, lakini vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti. Mnara kulia. Kidole mbele. Kushoto. Hapo. Alikuwa anamrudisha Mkwe mahali pake. Alipokwisha, Macho akadhani sasa itakuja hasira. Haikuja. Mjomba alionekana kama mtu aliyerudishiwa koti lake akakuta mfukoni mna kitu alichokuwa amekisahau.

Mke wa Nanga ndiye aliyeliona hilo. Aliinama mbele.

"Basi akili yako nzima," alisema. "Vizuri. Kwa kuwa ni nzima, niambie. Mume wangu hakubishana hata siku moja kwamba Mkwe alikuwa kulia kwake. Alikuwa akisema jambo moja tu, usiku na mchana, mpaka nikamwambia nyamaza. Alikuwa akisema: maji. Hawakuuliza maji. Siku ile, maji yalikuwaje?"

Vidole vya Rubani vikasimama juu ya goti.

"Ulikuwa juu ya ukuta. Ulikuwa na macho. Maji yalikuwa yanaingia au yanatoka?"

"Yalikuwa yanatoka," alisema hatimaye.

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Kulikuwa na mvua bara. Mdomo wa ghuba ni mwembamba, shemeji. Tumbo lote likitaka kutoka kwa pamoja, maji yanakizunguka kisiwa cha mnara yakimsukuma anayeingia upande wa kushoto. Hata uwe nani, yanakuhamisha. Unamkuta Mkwe yuko kulia kwako, na usukani umeushika sawasawa."

"Na wewe ungeweza kuhimili?"

Akafikiri. Macho alimwona akifikiri kwa haki, kama mtu anayepima kitambaa cha mwenzake.

"Sijui. Mimi siku kama ile ningesubiri nje. Nanga alikuwa na haraka, alikuwa hivyo. Alikosea kuingia. Kuacha njia hakuacha, aliachishwa."

"Uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

"Na mimi nakuuliza leo."

"Hawakuniuliza, nami nikafurahi kuwa hawakuniuliza," Rubani alisema. "Tulikuwa wawili tunaongoja cheo kimoja. Ndivyo ilivyokuwa. Sikusema uongo hata neno moja, shemeji. Nilikuwa najisifia hilo."

Mama yule akaweka mguu kwenye pedali, na cherehani ikaanza kulia tena, mshono ukienda moja kwa moja. Hakuwafukuza. Hakuwaaga. Walipofika mlangoni alisema bila kuinua uso, "Waambie wengine. Mimi umeshaniambia."

Walipotoka nje, Macho alisogeza bega lake kama kawaida. Mkono haukuja. Mjomba alikuwa amegusa ukuta, akaufuata ukuta, kisha nguzo, kisha ukuta tena. Kwenye barabara ya magari tu ndipo aliposhika ncha ya sweta yake, kwa vidole viwili, na walipovuka akaiachia.

*

Macho alimwambia Mkuu mwenyewe. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kwa kuvunja ningekufukuza," alisema. "Lakini umenidanganyia mzee mbele ya wageni wangu, na hilo sijui adhabu yake. Hukuwa na adabu ya kuja kusema siku ile ile?"

"Sikuwa nayo."

"Meza usiiguse tena. Utafagia nje na ngazi."

Mkwe alirudishwa na Rubani mwenyewe. Gundi ya viatu ilikuwa imeshika kwelikweli, ikabidi wamng'oe kwa kisu, akabaki na kidonda ubavuni. Rubani alimkalisha kwa kupapasa, hakuuliza mtu kulia wala kushoto. Lile kovu jingine halikupakwa rangi tena, liliachwa jeupe.

Ijumaa iliyofuata wakaja wanafunzi wengine. Macho alikuwa akisafisha ngazi za mawe, zile ambazo zamani wapagazi walishukia na leo zinaingia majini na kuishia humo. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi, sauti ya mjomba ikamfikia. Mnara kulia. Mkwe kushoto. Ukoo mzima utajua. Watoto wakacheka. Kisha badala ya kwenda ngomeni, sauti ikasimama.

"Hapa," Rubani alisema, "mwenzangu mmoja aligonga. Jina lake la utani lilikuwa Nanga. Watu walisema aliacha njia. Mimi nilikuwepo, na siku ile maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Nilijua, na sikusema. Mkienda nyumbani mkiulizwa mlijifunza nini, semeni na hilo."

"Kwa nini hukusema, babu?" mtoto akauliza.

"Sikuulizwa," Rubani alijibu. "Nanyi mkiona jambo, msisubiri kuulizwa."

Macho alikuwa ameacha kusugua. Hakujua kama maneno yale yalikuwa ya watoto peke yao. Wanafunzi walipotoka wakikanyagana, alibaki na brashi mkononi, asijue kama aingie amchukue au asubiri. Tangu siku ile mjomba alikuwa akiwahi kushika mlango kabla ya kushikwa. Jina la Macho hakulitaja tena. Alikuwa akisema "wewe binti", kwa upole, na upole ule ulikuwa unakata.

"Wewe binti uliye ngazini," sauti ikaja dirishani. "Nasikia ndoo yako."

"Abee, mjomba."

"Maji yanatoka au yanaingia?"

Macho aligeukia ghuba. Zamani angejibu kwa kutupa jicho tu. Safari hii alishuka ngazi mpaka maji yakamgusa vidole. Akatazama ukoko wa chumvi kwenye jiwe, akatazama unyasi uliokuwa unaelea, akaungoja uonyeshe unakwenda wapi. Ulisitasita, ukageuka, ukaelekea mnarani.

"Yanatoka, mjomba. Polepole. Ndiyo kwanza yameanza."

Rubani aliegemea dirisha. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio lake likielekea kwenye mawe ya ngazi, pale maji yanapogusa na kuachia. Alisikiliza kwanza. Macho akasubiri, brashi ikimchuruzikia mguuni, asiongeze neno.